Namna ya Kupaka Niasinamidi Usoni Wakati wa Kiangazi cha Lubumbashi
Niasinamidi ni aina ya vitamini B3 inayopakwa usoni ili kufifisha madoa, na kabla ya kuinunua, iwe ni katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, au kwenye duka la dawa, soma kwanza kibandiko: kiwango cha asilimia 2 hadi 5 kinamtosha anayeanza, ilhali asilimia 10 huweza kuwasha ngozi dhaifu. Osha uso kwa maji ya vuguvugu, ukaushe kwa taulo safi bila kusugua, kisha, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo, weka matone matatu, moja kwa kila shavu na jingine kwenye paji, ukiyasambaza kwa ncha za vidole. Subiri dakika moja, halafu paka mafuta yako ya kawaida, kwani kuanzia Mei hadi Septemba hewa yetu hukauka mno, na vumbi jekundu nalo halina huruma. Asubuhi ongeza krimu ya kukinga miale ya jua. Madoa hufifia polepole, mara nyingi baada ya wiki 8 hadi 12, kwa sababu niasinamidi hupunguza rangi inayopelekwa kwenye seli za juu za ngozi, haichubui. Krimu inayong'arisha uso kwa siku tatu, mimi huishuku kuwa ina zebaki au hidrokinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi. Ukiwashwa, paka siku moja na kuacha inayofuata.