Kuandika kifungu cha ufahamu cha Gredi ya 3

Kabla sijaandika neno lolote napakua muundo wa mtaala wa gredi hiyo kutoka tovuti ya KICD, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya. Mtaala wa umilisi ulianza kutumika nchi nzima Januari 2019, na kitabu cha darasani hupelekwa KICD kukaguliwa. Anayekikagua anao muundo huo mkononi. Basi tazama mada, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, kisha maswali dadisi. Matokeo nayanakili kwenye kadi moja nikaibandika ukutani, mbele ya macho.

Sasa tafuta mtoto. Mtoto hasa, mwenye jina na meno yaliyong'oka.

Jumamosi alasiri huketi barazani kwa dada yangu, Majengo, Mombasa, na watoto watatu wanne wa jirani, wazazi wao wakijua. Mmoja husoma rasimu kwa sauti. Mimi hushika penseli na kunyamaza. Akikwama kwenye neno, naweka nukta chini yake. Akivuta pumzi pasipo na kituo, naweka mstari wa mlazo. Usimtajie neno, hata akikutazama kwa macho ya kuomba. Ukishamtajia hutajua tena kama neno lile lina kosa au la.

Kuna hadithi niliyoianza hivi: "Baada ya Zuhura kuteremka kutoka kwenye feri iliyokuwa imejaa watu, alitazama kikapu na kugundua kuwa mabuyu yalikuwa yamepungua." Msichana mmoja, vidole vyekundu kwa mabuyu hayo hayo, aliishiwa pumzi kwenye "iliyokuwa imejaa". Alipomaliza nikamuuliza ni nini kilichopungua. Akajibu, "Watu, mwalimu."

Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa jinsi nilivyoandika. Nilimtwika mambo manne katika sentensi moja, naye akashika lile analolijua, kwamba feri ya Likoni ikifika ng'ambo watu hupungua. Nikaandika upya: "Feri ilijaa watu. Zuhura alikumbatia kikapu chake. Aliposhuka, alifungua kifuniko. Lo! Mabuyu yamepungua." Alisoma bila kusita, kisha akataka kujua nani amekula. Hapo ndipo hadithi ilipoanza. Tangu siku hiyo, kwa Gredi ya 3, sentensi yangu ikizidi maneno kumi naikata.

Maswali nayo yanahitaji jicho. Ukiuliza "Zuhura alibeba nini?", mtoto ataichukua sentensi kifunguni na kuinakili, hata kama hakuelewa kitu. Weka maswali mawili ya namna hiyo ili wote wapate pa kuanzia. Mengine yamlazimishe kuwaza: "Kwa nini Zuhura alikikumbatia kikapu?" Kifungu hakijasema, mtoto anajua mwenyewe, kwa kuwa amewahi kubanwa kwenye msongamano. Katika mwongozo wa mwalimu andika majibu zaidi ya moja yanayokubalika, maana mwalimu mwenye darasa kubwa atasahihisha kwa kufuata ulichomwandikia, na mtoto aliyefikiri vizuri asinyimwe alama yake.

Jambo la picha lilinigharimu wiki mbili. Niliandika, "Mama aliketi juu ya mbuzi akakuna nazi." Mombasa nzima inaelewa. Mchoraji, ambaye hakukulia pwani, alichora mama amempanda mnyama mwenye pembe. Sikumlaumu, mtoto wa Turkana angeona picha hiyo hiyo kichwani. Siku hizi kila ukurasa naupa maelezo ya picha: mbuzi ya kukunia nazi, kibao kifupi cha mti chenye ulimi wa chuma ulio na meno, bakuli chini yake. Neno lenyewe siliondoi. Watoto wetu wana haki ya kulikuta kitabuni, na wa bara wana haki ya kulijua, ila nalieleza katika msamiati mwisho wa kifungu.

Mkataba usome kabla ya kutuma muswada. Mchapishaji mmoja aliwahi kunilipa mkupuo, yaani malipo ya mara moja tu, na karatasi niliyotia sahihi ilihamisha hakimiliki yote. Nilikuwa na kodi ya nyumba, nikasaini. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya maandishi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Huo ndio muda nilioutoa kwa malipo ya mara moja. Uliza mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo ya kitabu, ni asilimia ngapi, unahesabiwa kwa bei ipi, unalipwa lini. Ukiamua kuchukua mkupuo, angalau andikeni kwamba ni kwa toleo hilo pekee, na jina lako lichapishwe.

Prufu, yaani kurasa za kusahihishwa kabla ya kitabu kuchapwa, zikirudi, nabeba kurasa mpaka barazani tena, nampa mtoto ambaye hajawahi kuiona hadithi, nachonga penseli.