Ukitafuta ng'ombe usiletewe vikombe: Sphinx kwenye seva yako ya Linux

"Shikamoo Daktari."

"Marahaba. Mwanangu, hicho kisanduku chako cha kutafuta kina wazimu. Naandika ng'ombe, naletewa watu wanaochanganyia kuku dawa kwa vikombe viwili vya maji."

Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana nilikuwa nimelala saa nane usiku baada ya kusimika kitu hichohicho na nilijiona fundi. Natunza hifadhidata ya maswali ya wafugaji na majibu ya madaktari wa mifugo. Miaka yote tulikuwa tunatafuta kwa `LIKE '%neno%'` ya MySQL, programu inayotunza hifadhidata yenyewe. Alama ya asilimia ikikaa mbele, MySQL haiwezi kutumia faharasa yake ya kawaida. Inasoma jedwali zima, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta jina kwenye daftari lisilopangwa. Jedwali likiwa dogo huoni tofauti. La kwetu lilikua, na watu watatu wakitafuta kwa pamoja seva nzima ilikuwa inahema.

Dawa yake ni kuweka programu ya pembeni ambayo kazi yake ni kutafuta tu. Mimi nilichagua Sphinx, iliyoanzishwa na Andrew Aksyonoff mwaka 2001. Toleo 2.2.11 ni la mwaka 2016, ni programu huria, linapatikana kwa apt, kisimikaji programu cha Debian na Ubuntu, na linatosha kabisa kwenye seva ndogo yenye RAM ya GB 2. Toleo la 3 halitolewi tena na msimbo wake. Anayetaka mradi huria unaoendelea kukuzwa aangalie Manticore, uliochipuka kutoka Sphinx mwaka 2017. Mengi ya hapa chini yatamfaa hata huko, lakini asinakili kwa macho yaliyofumba.

Kwenye Debian au Ubuntu:

```
sudo apt update
sudo apt install sphinxsearch
```

Kisha fungua `/etc/default/sphinxsearch`, tafuta `START=no`, ugeuze iwe `START=yes`. Usipofanya hivyo utaiambia huduma iwake, itakuitikia vizuri, na haitawaka.

Ndani ya MySQL mpe Sphinx mtumiaji wake. Usimpe root, yule mwenye mamlaka yote. Huyu anasoma tu, isipokuwa kwenye jedwali moja dogo nitakalolieleza:

```
CREATE TABLE hesabu (namba INT PRIMARY KEY, mwisho INT NOT NULL);
CREATE USER 'msomaji'@'localhost' IDENTIFIED BY 'weka_lako';
GRANT SELECT ON mifugo.* TO 'msomaji'@'localhost';
GRANT INSERT, DELETE ON mifugo.hesabu TO 'msomaji'@'localhost';
```

DELETE imo kwa sababu tutatumia REPLACE, amri inayofuta mstari wa zamani na kuweka mpya, nayo inadai ruhusa zote mbili.

Sasa faili lenyewe, `/etc/sphinxsearch/sphinx.conf`. Lina sehemu za aina nne: chanzo, yaani data inatoka wapi, faharasa, yaani inapangwaje, indexer, programu inayoijenga faharasa, na searchd, huduma inayojibu maswali. Nakuwekea langu, nikiwa nimebadilisha nywila tu:

```
source kuu
{
  type = mysql
  sql_host = localhost
  sql_user = msomaji
  sql_pass = weka_lako
  sql_db = mifugo
  sql_query_pre = SET NAMES utf8mb4
  sql_query_pre = REPLACE INTO hesabu SELECT 1, MAX(id) FROM maswali
  sql_query = SELECT id, kichwa, maelezo, mkoa_id, \
    UNIX_TIMESTAMP(tarehe) AS tarehe FROM maswali \
    WHERE id <= (SELECT mwisho FROM hesabu WHERE namba=1)
  sql_attr_uint = mkoa_id
  sql_attr_timestamp = tarehe
}

source mpya : kuu
{
  sql_query_pre = SET NAMES utf8mb4
  sql_query = SELECT id, kichwa, maelezo, mkoa_id, \
    UNIX_TIMESTAMP(tarehe) AS tarehe FROM maswali \
    WHERE id > (SELECT mwisho FROM hesabu WHERE namba=1)
}

index kuu
{
  source = kuu
  path = /var/lib/sphinxsearch/data/kuu
  charset_table = 0..9, A..Z->a..z, _, a..z
  ignore_chars = U+0027, U+2018, U+2019
  min_word_len = 1
  min_infix_len = 3
  expand_keywords = 1
  wordforms = /etc/sphinxsearch/maumbo.txt
  stopwords = /etc/sphinxsearch/viungo.txt
}

index mpya : kuu
{
  source = mpya
  path = /var/lib/sphinxsearch/data/mpya
}

indexer
{
  mem_limit = 128M
}

searchd
{
  listen = 127.0.0.1:9306:mysql41
  log = /var/log/sphinxsearch/searchd.log
  query_log = /var/log/sphinxsearch/query.log
  pid_file = /var/run/sphinxsearch/searchd.pid
  binlog_path = /var/lib/sphinxsearch/data
}
```

Safu ya kwanza ya `sql_query` lazima iwe namba ya kipekee isiyo sifuri. Zinazofuata ni maandishi ya kutafutwa, ila zile ulizozitaja kwa `sql_attr`, ambazo ni za kuchujia na kupangia. Ukiona mwongozo wa zamani una mstari wa `charset_type`, uuache hukohuko. Toleo hili ni UTF-8 tu na litakulalamikia.

Nirudi kwa Daktari, maana hapo ndipo penye kazi. Usiku ule nilikuwa nimenakili mipangilio ya mtu aliyetengenezea maandishi ya Kiingereza, na ndani yake kulikuwa na `min_word_len = 3`. Kwa Sphinx, herufi ambayo haimo kwenye `charset_table` ni ukuta unaotenganisha maneno. Kiapostrofi hakimo. Kwa hiyo "ng'ombe" ilikatwa vipande viwili, "ng" na "ombe". "Ng" ina herufi mbili, ikatupwa. Ikabaki "ombe". Na kwa kuwa nilishawasha utafutaji wa katikati ya neno, "ombe" ikaenda kuokota kila kilichoibeba: vi-k-ombe, tu-ombe Mungu, hadi K-ombe la Dunia la mfugaji mmoja aliyekuwa anaeleza kwa nini alichelewa kuchanja. Ng'ombe nao walikuwemo, lakini wamezikwa chini ya vyombo.

Tena hilo ni nusu ya tatizo. Watu wengi kwenye simu wanaandika "ngombe", bila kiapostrofi. Wengine simu zao zinaweka kile kilichopinda. Ukitaka wote wakutane, ndiyo kazi ya `ignore_chars`: herufi zilizotajwa hapo hazigeuki kuwa ukuta, zinafutwa kabisa, kwenye faharasa na kwenye swali la mtafutaji. Ng'ombe, ng’ombe na ngombe zote zinakuwa "ngombe". U+0027 ni kiapostrofi cha kibodi, U+2018 na U+2019 ni vile vilivyopinda. Gharama yake ipo: "ng'oa" inaungana na "ngoa", ile ya kukata ngoa. Kwa wafugaji wanaouliza habari za kung'oa meno sikuona ubaya. Kama wewe unatunza mashairi, fikiri mara mbili.

Huenda umegundua sikuweka `morphology`. Sphinx inajua kukata viambishi vya Kiingereza na Kirusi, Kiswahili haikijui, na ukiiwashia ya Kiingereza inafanya fujo tu. Kinachotufaa ni `min_infix_len` pamoja na `expand_keywords`. Mtu akiandika "chanja", inatafutwa "chanja" na pia chochote chenye "chanja" ndani yake: nilichanja, wamechanjwa hapana, lakini tuliowachanja ndiyo. Umeona kasoro yake: mnyambuliko ukibadilisha mwisho wa shina, neno halipatikani. Akiandika "chanj" anapata zote, na madaktari wetu wamekwisha kuizoea mbinu hiyo.

Nomino zinazobadilika sura ndizo zinazohitaji faili la `maumbo.txt`. Infiksi, yaani huko kutafuta katikati ya neno, haiwezi kamwe kujua kwamba "macho" ni "jicho". Unaandika hivi, jozi moja kila mstari:

```
macho > jicho
meno > jino
magonjwa > ugonjwa
wanyama > mnyama
wafugaji > mfugaji
kwato > ukwato
```

Nilikuwa na "kucha > ukucha" pia. Nikaitoa baada ya siku mbili, kwa sababu kila mfugaji ambaye ndama wake alilia usiku kucha alikuwa anatokea kwenye matatizo ya miguu.

Kuhusu `viungo.txt`, yaani maneno ya kupuuzwa: usinakili orodha ya mtu. Iache faili tupu kwanza, kisha iulize data yako yenyewe:

```
sudo touch /etc/sphinxsearch/viungo.txt
sudo indexer kuu --buildstops /tmp/maneno.txt 200 --buildfreqs
```

Utapewa maneno 200 yanayojirudia kuliko yote, na idadi ya kila moja. Kwangu nilichukua na, ya, wa, kwa, za, la, ni na wenzao wachache. "Si" na "bila" niliziacha. "Homa bila kuhara" na "homa na kuhara" kwa daktari ni wagonjwa wawili tofauti.

Faili la mipangilio lina nywila, kwa hiyo lifunge kabla ya kuendelea, kisha jenga faharasa mara ya kwanza ukiwa mtumiaji wa Sphinx mwenyewe:

```
sudo chown root:sphinxsearch /etc/sphinxsearch/sphinx.conf
sudo chmod 640 /etc/sphinxsearch/sphinx.conf
sudo -u sphinxsearch indexer --all
sudo systemctl restart sphinxsearch
```

Hiyo `-u sphinxsearch` si pambo. Ukijenga kama root, mafaili yanakuwa ya root na huduma inaweza kushindwa kuyagusa. Niliwahi kupoteza Jumamosi nzima kwa hilo. Mpangilio wa amri nao una maana: searchd ikiwashwa kabla ya kuwepo faharasa hata moja inakataa kusimama, inasema haina cha kuhudumia.

Kujaribu, unatumia mteja wa MySQL uleule uliouzoea, ila poti ni nyingine:

```
mysql -h 127.0.0.1 -P 9306
CALL KEYWORDS('ng\'ombe', 'kuu', 1);
SELECT id, WEIGHT() FROM kuu, mpya
  WHERE MATCH('ng\'ombe jicho') AND mkoa_id = 4 LIMIT 0,50;
```

`CALL KEYWORDS` ndiyo ningeijua usiku ule ningelala mapema. Inakuonyesha neno limekatwaje na limepatikana mara ngapi. Ukiona mistari miwili kwa neno moja, kuna ukuta mahali. Usiposema LIMIT utapewa majibu 20 tu, usije ukadhani mengine yamepotea.

Zingatia poti hiyo 9306: haina nywila. Yeyote anayeifikia anasoma kila kitu. Ndiyo maana nimeandika `127.0.0.1` kwenye `listen`. Hakikisha kwa `ss -ltn`, ukiona `0.0.0.0:9306`, rekebisha kabla hujaenda kunywa chai.

Upande wa programu yako kuna mambo mawili ya kusumbua. Kwanza, Sphinx inarudisha namba za id, si maandishi. Unazichukua, unakwenda nazo MySQL kwa `WHERE id IN (...)`, na hapo mpangilio wa umuhimu unavurugika. Urudishe kwa `ORDER BY FIELD(id, ...)`. Pili, alama kama `-`, `!`, `|`, `@`, `/`, `"` na mabano ni amri ndani ya MATCH. Mfugaji akiandika "dawa -kupe" anapata majibu yote ya dawa yasiyotaja kupe, kinyume cha alichotaka. Zitangulizie `\` kabla ya kutuma, na kiapostrofi nacho kilindwe kama unavyokilinda kwenye SQL yoyote. Kama programu yako ni ya PHP na inaongea na hifadhidata kwa PDO, acha `ATTR_EMULATE_PREPARES` iwe imewashwa, la sivyo haitakuelewa.

Kilichobaki ni kuiweka faharasa iende na wakati. Kujenga yote kila dakika tano ni kuitesa seva, ndiyo maana kuna `kuu` na `mpya`. Jedwali la `hesabu` linakumbuka `kuu` iliishia id gani. `Mpya` inabeba yaliyoingia baada ya hapo. Ndani ya chanzo `mpya` nimerudia `SET NAMES` kwa makusudi: mtoto akitaja `sql_query_pre` yake, anazifuta zote za mzazi, na tunataka ile ya REPLACE ifutike, vinginevyo `mpya` ingekuwa tupu daima. Kwenye `/etc/cron.d/utafutaji`, faili la ratiba ya kazi ambazo seva inazifanya yenyewe:

```
*/5 * * * * sphinxsearch flock -n /tmp/sphinx.lock indexer --rotate --quiet mpya
32 3 * * * sphinxsearch flock -w 600 /tmp/sphinx.lock indexer --rotate --quiet kuu mpya
```

Ya pili inakimbia saa tisa na nusu usiku, wakati hata majogoo ya wateja wetu hayajaamka. `flock` inazuia mbili hizi zisikanyagane. Swali la zamani likihaririwa mchana, mabadiliko yataonekana kesho yake. Sisi tumekubali kuishi na hilo.

Daktari alipiga tena wiki iliyofuata. Safari hii aliandika "ngombe", bila kiapostrofi, akapata ng'ombe watupu. Akauliza kama naweza kufanya hivyo hivyo kwa wanaoandika "kipe" wakimaanisha kupe. Nimeongeza mstari mmoja kwenye `maumbo.txt`, `kipe > kupe`, na usiku huu saa tisa na nusu utaingia kazini.