Kutoka ndoo ya udongo hadi tarehe: kupata punje ya kupima kaboni-14 kwenye mahame ya pwani

Mahame ya pwani, kuanzia Shanga na Manda kule Lamu hadi Unguja Ukuu, Kilwa na Songo Mnara, yana kuta na vigae ambavyo hata mpita njia anaviona. Kisichoonekana ni chakula. Kisiwani Pemba, ni kuelesha udongo majini (kuukoroga ndani ya maji ili vilivyoungua vielee juu) ndiko kulikoonyesha kwamba watu wa Tumbe, kati ya karne ya 7 na ya 10, walitegemea zaidi uwele, na kwamba Chwaka, mji ulioshamiri kuanzia karne ya 11, mpunga ndio uliotawala. Punje hizo hizo zilizoungua ndizo sampuli bora ya kupimia umri. Mwongozo huu unafuata punje moja kutoka shimoni hadi kwenye jibu la maabara, kwa kikosi kidogo kisicho na mashine. Vibali vya kuchimba na vya kusafirisha sampuli nje ya nchi uwe navyo tayari.

Vifaa

Ndoo mbili za lita 20, beseni pana, kitambaa cha shifoni (mtandio mpya hufaa), wavu wa dirishani, penseli, lebo za plastiki ngumu, foili ya alumini, vichupa vya kioo, na hadubini ya kukuza mara 10 hadi 40. Chandarua cha kulalia usikitumie kukamatia kinachoelea: punje ya wimbi ina milimita moja na kidogo tu, ikiungua hunywea zaidi, na itapita.

Mashine ya kuelesha yenye pipa na pampu ni nzuri pale penye maji ya bomba na mafundi. Visiwani, ndoo inaishinda: inatumia maji kidogo, na kati ya sampuli na sampuli unaiosha yote kwa dakika mbili. Pipa lina kona zisizofikika, na punje ya jana hujitokeza kwenye sampuli ya leo.

1. Chukua udongo

Lita 20 hadi 40 kutoka kila tabaka, jiko la mafiga, jaa au shimo la taka. Pima kwa ndoo na uandike lita ngapi. Bila ujazo huwezi kulinganisha jaa na sakafu. Sakafu ya chokaa iliyokuwa ikifagiliwa kila siku hutoa punje chache, majivu ya jikoni hutoa nyingi.

Kagua mashimo ya kaa, yule mnyama wa ufukweni, maana hushusha punje za juu hadi matabaka ya chini. Yanatambulika kwa udongo laini, mara nyingi wa rangi tofauti, unaoshuka kama bomba kukatiza matabaka. Toa udongo huo pembeni kabla hujajaza ndoo. Mizizi ya mnazi na njia za mchwa vivyo hivyo.

2. Kausha kivulini

Siku moja au mbili juu ya turubai. Mkaa mkavu una hewa kwenye vinyweleo vyake, ndiyo maana unaelea. Ukiwa na unyevu utazama. Mabonge usiyaponde, maji yatayafungua.

3. Elesha

Jaza ndoo maji theluthi mbili. Mimina udongo lita 3 hadi 5 tu kwa mkupuo, koroga polepole kwa mkono mpaka mabonge yaachie, subiri sekunde chache mchanga utue, kisha mimina maji ya juu kupitia shifoni iliyotandazwa kwenye beseni. Simama kabla mchanga haujaanza kutoka. Ongeza maji, rudia. Mara tano au sita kwa kawaida zinatosha. Unaacha pale ambapo hakuna kitu cheusi kinachopanda.

Tumia maji ya kisima. Maji ya bahari yanaelesha vizuri kabisa, na hapo ndipo watu wanapodanganyika: chumvi ikikauka ndani ya punje huunda fuwele, na punje inapasuka. Ukilazimika kuyatumia, suuza kilichobaki kwenye shifoni kwa maji yasiyo na chumvi mara mbili au tatu.

Kilichobaki chini ya ndoo kioshee kwenye wavu wa dirishani. Usikimwage! Vipande vya kifuu, nusu za kunde na choroko, mifupa ya samaki na shanga ndogo za kioo huwa humo, kwa sababu ni vizito. Shanga nyingi za pwani hazifiki milimita 4, na chekeche la kawaida la milimita 5 linazipoteza zote.

Kupima kama mkono wako unafanya kazi, unguza mbegu 50 za mmea usiopatikana kabisa eneo hilo, zitie kwenye udongo, elesha, kisha hesabu ulizopata. Chini ya 40, unakoroga vibaya au shifoni imetoboka. Mbegu za mchicha au ufuta usizitumie kwa jaribio hili. Zitachanganyika na za kale na hutazitenganisha tena.

4. Kausha kilichoelea

Funga shifoni kama kifurushi, lebo ya penseli moja ndani na nyingine nje, ning'iniza kivulini penye upepo. Jua kali hupasua punje. Wino wa kalamu huyeyuka, na sampuli isiyo na lebo ni takataka.

5. Chambua

Chini ya hadubini, weka upande mmoja kila kilichoungua. Mbegu isiyoungua, kwenye udongo wetu wa joto na mvua, karibu kila mara ni ya juzi: wadudu na kuvu wangekuwa wameshaila. Uwele una umbo la tone la maji. Mtama ni mviringo, na kovu kubwa la kiini ubavuni. Mpunga ni mrefu, una mifereji. Tazama pia vikonyo vya makapi ya mpunga. Vikiwa vingi, mpunga ulitwangwa hapo hapo, haukuletwa ukiwa mchele.

6. Chagua cha kupimwa

Hapa ndipo pesa nyingi za miradi zinapopotelea, kwa hiyo tusiende haraka.

Kaboni-14 haipimi umri wa tabaka. Inapima muda tangu kiumbe kile kilipoacha kuvuta kaboni kutoka hewani. Nusu ya kaboni-14 hupotea kila miaka 5,730, na maabara inachofanya ni kuhesabu iliyobaki. Kama mmea ulikufa zamani kabla haujafika jikoni, jibu litakuwa sahihi kwa mmea na potofu kwa jiko.

Kipande kikubwa cha mkaa kinavutia, na ndicho kibaya. Moyo wa mti huacha kupokea kaboni mpya mapema, wakati sehemu ya nje, chini ya gome, inaendelea. Mkaa wa moyo wa mvule uliokatwa ukiwa na miaka 200 utatoa tarehe iliyotangulia moto kwa takriban karne mbili. Boriti ina balaa la pili: huvunjwa nyumba ya zamani, ikaezekea mpya, ikaja kuwa kuni baadaye kabisa. Mkaa ukiwa ndio pekee ulionao, tafuta kijiti chenye gome lake bado.

Mbuyu unaonyesha tofauti vizuri. Mti wake unaweza kupita miaka 1,000, hivyo ubao wake haufai. Ila tunda lake hukua msimu mmoja, na kipande cha ganda la ubuyu kilichoungua kinafaa kama punje ya mtama. Kifuu nacho kinafaa.

Kombe na chaza waache, isipokuwa hakuna kingine. Bahari ina kaboni ya zamani kutoka kilindini, na kombe aliyekufa leo huonekana ana mamia ya miaka. Kuna masahihisho yake, lakini hubadilika kutoka pwani hadi pwani. Mifupa ya watu waliokula samaki sana ina kasoro hiyo hiyo.

Basi mpangilio wangu ni huu: nafaka kwanza, kisha kunde na choroko, kisha kifuu au ganda la ubuyu, kijiti chenye gome mwisho. Punje moja moja. Usichanganye punje tatu kufikisha uzito, maana moja ikiwa imeshushwa na kaa utapata wastani usio wa zama zozote. Mashine za siku hizi za kuhesabu atomu zinatosheka na miligramu chache, na punje nzima ya mpunga huwa nazo.

Peleka angalau punje tatu kwa kila awamu muhimu, za kutoka juu, kati na chini. Tarehe zake zikifuatana, tabaka halijavurugwa. Ya chini ikitoka changa kuliko ya juu, rudi ukakague tena mashimo ya kaa.

Mahame ya karne ya 18 na 19 usiyapelekee kaboni-14. Mstari wa kusawazishia (mchoro unaogeuza umri ghafi wa maabara kuwa miaka ya kalenda) umekaa bapa kuanzia takriban 1650, na jibu laweza kuangukia popote hadi 1950. Vigae vya kaure vitakuambia zaidi, tena bure.

7. Fungasha

Piga picha na pima uzito kwanza, kwa sababu punje itachomwa maabara. Funga kwa foili, tia kwenye kichupa cha kioo. Pamba na karatasi laini ni kaboni ya leo, zisiguse sampuli. Gundi ndiyo mbaya kupita zote.

8. Soma majibu

Ukiletewa 1150 ± 30, usitoe kwenye 1950, mwaka ambao maabara huhesabia kurudi nyuma, ukaandika mwaka 800. Namba hiyo ni ghafi. Iingize kwenye programu ya OxCal au CALIB, uchague mstari wa kusawazishia. Pwani yetu inapokea hewa ya kaskazini kwa kaskazi na ya kusini kwa kusi, kwa hiyo wengine hutumia IntCal20 (mstari wa nusu ya kaskazini ya dunia), wengine SHCal20 (wa nusu ya kusini), wengine mchanganyiko. Mchanganyiko ndio unaoelekea kuwa wa haki zaidi hapa, ila uandike uwiano ulioutumia. Toa upana wa miaka wenye uhakika wa asilimia 95, hata ukiwa karne nzima na zaidi.

Kabla hujafurahi, tazama namba ya kaboni-13, inayokuja na jibu na kutofautisha aina za mimea. Mpunga na kunde huwa karibu na -26, mtama na uwele karibu na -11. Uliandika mpunga na jibu limekuja na -11? Tarehe huenda ni sahihi, lakini ile haikuwa punje ya mpunga. Rudi kwenye picha ya hadubini.

Kwenye ripoti weka namba ya maabara, jina la mmea, tabaka, umri ghafi, mstari na toleo la programu, ili mstari mpya ukitoka mwingine aweze kuhesabu upya.