Greda ikifika kwenu, soma kibao kwanza

Greda ikitua kijijini sisi Waganda tunauliza tu kazi wanaandika lini. Mi nakushauri simama kwanza pale kwenye kibao cha mradi, usome nani anatoa pesa na nani anajenga. Wakitoka nchi moja jua pesa nyingi inarudi kwao, mfano bwawa la umeme la Karuma, megawati 600, mkopo Exim Bank ya China, mjenzi Sinohydro, nayo ya China.

Halafu uliza kama ni zawadi au ni deni, maana siku ya sherehe vyote vinaitwa msaada. Ile expressway ya Entebbe ilifunguliwa 2018 kwa ngoma na hotuba, Januari 2022 tukaanza kulipa getini.

Hapa kwenye mkataba ndo usikimbie. Mwaka 2015 serikali ilikopa dola milioni 200 hivi China kupanua uwanja wa ndege wa Entebbe, 2021 mji mzima ukawaka eti Wachina wanachukua uwanja, ubalozi wao ukakana. Mkataba ulipokuja kuonekana 2022, kumbe uwanja wenyewe haukuwekwa rehani, ila kuna akaunti maalum ya kumlinda mkopeshaji na mkigombana kesi inasikilizwa Beijing, sasa we fikiria wakili wetu na nauli yake. Kwa hiyo tafuta vitu viwili tu, pesa inalala wapi na kesi inaenda wapi, mengine ni maneno ya wanasheria.

Mmarekani kibao chake utakikosa barabarani. Yeye amekaa kwenye dawa za ukimwi na kwenye soko, kwa hiyo kwake uliza anaweza kufunga nini. Baada ya ile sheria yetu ya 2023 ya kupinga mashoga alitutoa AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa kwake bila ushuru, kuanzia Januari 2024, na hakuhitaji kutuma hata askari mmoja.

Angalia pia kama serikali ina mchumba wa pili. Reli ya Malaba hadi Kampala Wachina walichelewesha pesa, 2023 mkataba ukavunjwa, 2024 tukasaini na Waturuki wa Yapi Merkezi.

Ukitaka karatasi zenyewe, kuna sheria ya kupata habari ya 2005, unajaza fomu, ofisi ina siku 21 kukujibu. Mi nilijaza ofisi fulani, siku zikaisha kimya, nikarudi nikaambiwa fomu haionekani nijaze nyingine. Kwa hiyo bwana, piga kopi, na hakikisha wameigonga muhuri kabla hujatoka mlangoni.