Kupandisha Geko wa Shungi: Jua Jeni Kabla ya Kuchagua Dume

Geko wa shungi (Correlophus ciliatus) ni jamaa wa mbali wa mjusi kafiri wa ukutani, na kwao ni kusini mwa Kaledonia Mpya. Wanasayansi walimweleza mwaka 1866, kisha akadhaniwa ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 1994. Aina nyingi za rangi zinazouzwa leo zimetokana na kazi ya wafugaji tangu hapo. Kila anayeanza huuliza: nikipandisha huyu na huyu, nitapata nini? Kuna sifa zinazokubali hesabu na kuna zisizokubali, na hasara nyingi hutokana na kuzichanganya.

Hatua ya 1: Mtazame usiku na mchana

Usiku, anapoamka na hewa ina unyevu, rangi hukolea. Mchana akilala hufifia, hata mwekundu akaonekana kahawia iliyopauka. Mpige picha katika hali zote mbili, na ukinunua kwa picha, dai zote mbili.

Hatua ya 2: Tenga sifa za jeni moja na za jeni nyingi

Madoadoa meusi ya dalmeshia, na michoro ya halikwini inayopanda ubavuni hadi miguuni, ni sifa za jeni nyingi: hujengwa kwa uteuzi. Unapandisha mwenye madoa mengi na mwenzake mwenye madoa mengi, unabakiza makinda bora, unarudia kizazi hadi kizazi. Muuzaji akikuahidi "asilimia 50 halikwini", anakisia tu.

Sifa za jeni moja ni chache. Tatu zinazojulikana zaidi ni Lilly White, aksanthiki na kapuchino (rangi ya kahawia kama kahawa).

Hatua ya 3: Piga hesabu ya Lilly White

Kila geko ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ya Lilly White inatosha kumpa ule weupe mpana wa mgongoni na ubavuni. Nakala mbili huua: kiinitete hufia ndani ya yai, au kinda hufa punde baada ya kuanguliwa.

Sasa chukua mayai 20 yenye mbegu. Lilly White kwa geko wa kawaida: kwa wastani 10 ni Lilly White na 10 ni wa kawaida, wote wazima. Lilly White kwa Lilly White: 10 ni Lilly White, 5 wa kawaida, 5 wanakufa. Lilly White ni 10 pande zote mbili! Hujaongeza hata mmoja, umepoteza tu makinda matano na kumchosha jike bure. Tafadhali usiwapandishe hawa wao kwa wao.

Kapuchino nayo huonekana kwa nakala moja. Wenye nakala mbili wamekuwa wakizaliwa na matundu ya pua madogo mno, kwa hiyo kapuchino kwa kapuchino siwapandishi.

Kumbuka pia kwamba jike hutaga mayai mawili kwa mara moja. Hata pale ambapo nusu wangetarajiwa kuwa Lilly White, mara moja kati ya nne mayai yote mawili yatatoa wa kawaida. Usimlaumu dume kwa utagaji mmoja.

Hatua ya 4: Mpime mbebaji wa aksanthiki

Aksanthiki hukosa wekundu na unjano, akabaki kijivu, nyeusi na nyeupe. Hii hujificha: lazima nakala mbili zikutane ndipo ionekane. Mwenye moja anaonekana wa kawaida lakini anaibeba. Ukipandisha wabebaji wawili, robo ya makinda watakuwa aksanthiki. Wanaobaki, kila mmoja ana nafasi mbili kati ya tatu ya kuwa mbebaji, na ndivyo wanavyopaswa kuuzwa, bila kuapa kwamba wanabeba.

Ukitaka uhakika, mpandishe unayemshuku na aksanthiki. Kinda mmoja tu wa aksanthiki anamaliza ubishi. Wakitoka sita mfululizo wa kawaida, huenda si mbebaji, kwani mbebaji ana nafasi moja tu kati ya 64 ya kutoa sita wa kawaida mfululizo.

Hatua ya 5: Andika baba wa kila yai

Jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi mingi na kuendelea kutaga mayai yenye uhai akiwa peke yake. Ukimbadilishia dume haraka, hujui tena baba ni nani, na hesabu zote za hapo juu zinaanguka. Mpumzishe hadi aache kutaga, arudishe uzito na kalisi, ndipo umpe dume mwingine. Asianze kabisa kabla ya gramu 35 na mwaka mmoja na nusu.

Andika juu ya chombo cha kila yai: tarehe, mama, baba. Weka mayai kwenye nyuzi 22 hadi 26 za Selsiasi; huchukua miezi miwili hadi minne kuanguliwa. Makinda wengi hutoka na wekundu unaodanganya, na rangi huendelea kubadilika kwa mwaka au zaidi. Lilly White utamtambua mapema, lakini unayetaka kumbakiza kwa madoa au michoro, mpe muda huo kabla ya kuamua.