Tumbo la hedhi: usisubiri likubane ndo utafute dawa

Wadogo zangu, mimi miaka mingi nlikuwa nasubiri mpaka nimejikunja kitandani ndo natuma mtu famasi, kumbe hapo nshachelewa. Lile tumbo ambalo bibi zetu wanaita chango linatokana na kemikali zinaitwa prostaglandini, kizazi kinazitoa hedhi inapoanza ili kijikamue, zikiwa nyingi kinajikamua kwa nguvu hadi maumivu yanashuka mapajani, wengine wanatapika na kuharisha kabisa.

Sasa ibuprofeni inapunguza kutengenezwa kwa hizo kemikali, ndo mana ukiwahi inasaidia kuliko ukisubiri. Ukianza tu kusikia tumbo linavuta kula kwanza, hata chapati na chai, afu meza miligramu 400 (kama ni vile vya 200 unameza viwili), rudia baada ya masaa 8, kwa mtu mzima usivuke 1200 kwa siku bila daktari. Siku mbili tatu inatosha. Ila kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo, pumu inayoamshwa na dawa za maumivu, au unahisi una mimba, hiyo achana nayo, muulize mfamasia, mara nyingi atakupa parasetamo. Na usichanganye na diklofenaki ukidhani utapona haraka, ni dawa za jamii moja hizo, utaumiza tumbo na figo.

Joto nalo linasaidia kweli. Mi napiga pasi kanga iliyokunjwa mara nne, nagusa kwanza na mkono isije ikaniunguza, naweka chini ya kitovu, ikipoa narudia, najua Dar ilivyo na joto lakini washa feni na kanga ibaki tumboni. Umeme ukikatika tia maji ya moto yasiyochemka kwenye chupa ngumu, izungushie taulo. Chai ya tangawizi pia inapunguza kidogo, na kutembea tembea hata kama hutaki.

Zile siku kabla hujaingia, matiti yanauma, tumbo limejaa, unalia kwa sababu konda kakujibu vibaya, hizo andika kwenye simu tarehe zake miezi miwili mitatu utaona zinajirudia. Ukishazijua punguza chumvi, kahawa na zile enaji, lala mapema, na mwambie mtu wa nyumbani mapema kwamba wiki hii niko hivi. Ila kama kila mwezi unafika mahali unataka kufa, hiyo sio hasira ya kawaida dada, ina matibabu, mwambie mtu leo na uende hospitali.

Afu hii ya "ukizaa yataisha" mi siikubali kumwambia binti anayezimia darasani. Ukijaza pedi kila saa kwa masaa mawili mfululizo, ukipata homa, au tumbo kali na umechelewa kuona siku zako, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama maumivu yanazidi mwezi hadi mwezi, yanakuja hata nje ya hedhi au wakati wa tendo, panga kwenda hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala, yoyote iliyo karibu, waangalie kama ni uvimbe kwenye kizazi au endometriosisi (nyama kama zile za ndani ya kizazi zinaota nje yake). Beba zile tarehe ulizoandika, daktari atakuuliza.