Namna ya Kujibu Imani Yako Inapohojiwa

Mabishano mengi ya dini huharibika mapema kwa sababu wanaobishana hawajaelewana wanabishania nini. Mmoja anauliza kuhusu historia, mwenzake anamjibu kwa ushuhuda wa moyo. Huyu analalamikia tabia za viongozi wa dini, yule anatetea kuwapo kwa Mungu. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta hoja ya kujibu, baini kwanza swali lililo mbele yako ni la aina gani.

Yapo maswali ya mambo yaliyotokea: andiko fulani liliandikwa lini, na nani, na nakala za kale zinasemaje. Maswali haya yana wataalamu wake na ushahidi wake, na si vyema kuyajibu kwa hisia. Yapo pia maswali ya tafsiri, ambapo watu wawili wanalikubali andiko lilelile lakini wanalisoma kwa namna tofauti; ugomvi wa aina hii ndani ya dini moja mara nyingi huwa mkali kuliko ule wa watu wa dini mbili, pengine kwa sababu kila upande unaona kwamba mwenzake alipaswa kujua zaidi. Tena yapo maswali ya mwenendo, hasa lile la kwa nini waumini wametenda maovu kwa jina la imani. Hilo usilijibu kwa kusema kwamba waliotenda hawakuwa waumini wa kweli, kwani msikilizaji atakuona unajivua lawama. Ni afadhali ukiri ubaya uliotendeka, kisha ndipo ueleze unavyouelewa. Na lipo swali ambalo kwa sura ni hoja, kumbe ni kilio. Mtu aliyemzika mtoto wake akikuuliza Mungu wako alikuwa wapi, usimwanzishie somo la hiari ya binadamu na chanzo cha uovu. Kaa naye. Siku atakapotaka hoja ataziomba mwenyewe, na huenda ikawa baada ya miezi mingi.

Tuseme kijana anazungumza na mjomba wake, na katikati ya mazungumzo anasema, "Mjomba, kusema kweli naona kitabu chetu kina mambo yanayopingana." Jibu linalokuja upesi ni kumkaripia, au kumwambia kwamba masomo yamempotosha, na matokeo yake ni kwamba kijana hatauliza tena pale nyumbani, atauliza kwingine. Mjomba mwenye subira angesema, "Haya, mpwa wangu, ni sehemu zipi zinazokutatiza? Zilete tuzisome pamoja." Hapo tuhuma ya jumla inageuka kuwa aya mbili zinazoweza kuwekwa mezani na kusomwa, pamoja na zinazotangulia na zinazofuata. Kama familia hiyo ni ya Kikristo, huenda kijana akaleta nasaba ya Yesu, ambayo Injili ya Mathayo inaipitisha kwa Sulemani mwana wa Daudi, ilhali Injili ya Luka inaipitisha kwa Nathani, mwana mwingine wa Daudi. Tofauti hiyo ipo, na wafafanuzi wa Kikristo wamekuwa wakiijadili tangu karne za mwanzo. Mjomba akikana kwamba ipo, atakuwa amepoteza uaminifu wake kwa jambo ambalo yeyote anayejua kusoma anaweza kulithibitisha. Akisema, "Ni kweli zinatofautiana, na wazee wa kanisa la kale walijaribu kulieleza hivi na hivi," mazungumzo yanaendelea, hata kama maelezo hayo hayatamridhisha kijana siku hiyo.

Kati ya mazoea yote ya majadiliano, ninalolithamini zaidi ni la kuieleza hoja ya mwenzako kwa maneno yako mpaka yeye mwenyewe akiri kwamba umemwelewa. Talmudi, mkusanyo wa kale wa mijadala ya sheria ya Wayahudi, inasimulia juu ya mabishano ya miaka mitatu kati ya wafuasi wa walimu wawili wa sheria, Hilleli na Shamai, na inaeleza kwamba sheria ilifuata upande wa Hilleli kwa sababu walikuwa wapole na wanyenyekevu, walijifunza maoni ya wapinzani wao pamoja na yao, na hata kuyataja ya wapinzani kwanza. Mwanateolojia wa karne ya 13, Thomas Aquinas, alikuwa na utaratibu unaokaribiana na huo: kila swali katika kazi yake kuu linaanza kwa pingamizi dhidi ya msimamo wake, na jibu lake linakuja baadaye. Watu hawa hawakuwa na imani legelege. Walijua tu kwamba hoja usiyoweza kuieleza sawasawa huwezi kuijibu.

Kwa vitendo, anza kwa kusema, "Nikikuelewa vizuri, unasema kwamba..." na uimalize sentensi hiyo bila kejeli. Kama unaijua sababu yenye nguvu kuliko aliyoitoa, iongeze upande wake. Kisha nyamaza umpe nafasi ya kukusahihisha. Zoezi hili linachosha, na wapo ambao hawatakufanyia wewe hivyo hata siku moja. Hata hivyo lina faida, kwani angalau utajua unajibu nini.

Ipo mitego miwili inayowanasa hata watu wenye nia njema. Wa kwanza ni kutumia andiko kama ushahidi mbele ya mtu asiyelikubali andiko hilo. Kumnukulia aya asiyeamini kwamba kitabu chako kimetoka kwa Mungu ni kumtaka akubali mwisho wa safari kabla hajapiga hatua. Aya hiyo inaweza kumweleza unachoamini, lakini haimthibitishii kwamba ni kweli. Wa pili ni kulinganisha mafundisho bora ya dini yako na matendo mabaya ya wafuasi wa dini nyingine. Linganisha mafundisho na mafundisho, matendo na matendo, au usilinganishe kabisa.

Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, na useme utalitafuta. Halafu litafute kweli, katika maandiko yenyewe na kwa wasomi wa pande zote mbili, si katika kipande cha video kilichokatwa ili kumwaibisha mtu.

Mambo huwa magumu zaidi pale swali la mtu mwingine linapobaki nawe usiku, baada ya yeye kuondoka. Wengi huogopa hali hii na kuichukulia kama dalili kwamba imani yao imekufa. Historia ya waumini wenyewe haionyeshi hivyo. Imamu Al-Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu, ameandika jinsi alivyofikia kutilia shaka hisi na akili yake, hali iliyodumu kwa takriban miezi miwili. Na baadaye, mwaka 1095, akiwa mwalimu mashuhuri Baghdad, aliacha wadhifa wake na kwenda kuishi maisha ya utawa kwa miaka mingi kabla ya kurudi kufundisha. Barua za Mama Teresa zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba aliishi kwa miongo kadhaa bila kuhisi uwepo wa Mungu, huku akiendelea na kazi yake. Katika Kurani, Ibrahimu anamwomba Mola amwonyeshe anavyofufua wafu, na anapoulizwa kama haamini anajibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie.

Ukiwa katika hali hiyo, liandike swali lako kwa sentensi moja, kwa sababu mashaka yasiyo na umbo hukua kuliko yalivyo. Usifanye uamuzi mkubwa wa maisha katika juma la kwanza la msukosuko, iwe ni kuacha ibada au kujifunga kwa nadhiri mpya. Tafuta mtu mmoja mwenye elimu ya dini yako asiyeshtushwa na maswali, na ukimkosa kwa kiongozi wa kwanza, nenda kwa mwingine. Na lazima nilitaje jambo ambalo miongozo mingi ya aina hii huliepuka: wapo wanaochunguza kwa uaminifu na mwisho wanabadili msimamo. Ibara ya 18 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inatambua kwamba uhuru wa dini unajumuisha uhuru wa kuibadili. Ndugu yako akifikia hapo, bado ni ndugu yako, na salamu zako kwake zisiwe na masharti.

Mahali nako kuna uzito wake. Mfalme Akbar wa India alijenga jumba la majadiliano ya dini huko Fatehpur Sikri mwaka 1575, na wanazuoni wa mwanzo kualikwa walianza kugombania nafasi za kukaa kabla ya kugombania itikadi. Mbele ya hadhira, mtu hutetea heshima yake kwanza, na ni vigumu kwake kusema "hapo umenishinda." Mtu akikuhoji mbele ya kundi, mwambie, "Swali lako ni zito, nami ningependa tulizungumze tukiwa wawili." Akikubali, alitaka jibu. Akikataa, huenda alitaka watazamaji, na huna deni naye.

Yapo pia mazungumzo ya kuyakatisha moja kwa moja. Mtu akihoji imani yako, mvumilie hata akiwa mkali. Akikutukana, kukutishia au kukushurutisha, ondoka, na kama kuna hatari, watafute wanaoweza kukulinda. Kuondoka huko hakuhitaji hotuba. Inatosha kusema, "Kwa leo tuishie hapa."

Ukiwa uliahidi kutafuta jibu, mrudie aliyekuuliza ukishalipata, mweleze umelitoa wapi, na mwambie pia kama katika kutafuta umegundua kwamba sehemu fulani ya hoja yake ilikuwa sahihi.